Chungu cha utambi kwa violeti: miezi minane baadaye

Kabla ya chungu hiki nilishaua violeti za Kiafrika nne, yale maua madogo ya kufuga ndani, zote kwa maji. Nikiona majani yamelegea, namwagilia. Yakizidi kulegea, naongeza. Ya nne niliishika tu ikang'oka, kitako cha shina kimegeuka uji wa kahawia. Kumbe majani yake hulegea kwa kiu, na hulegea vilevile mizizi ikioza.

Chungu chenyewe ni vyombo viwili: cha juu cha kupandia, cha chini cha maji, na utambi wa nailoni unaopandisha maji polepole. Majani hayalowi, na hilo ni jambo kubwa, maana tone la maji baridi likitua kwenye jani lile lenye vinyweleo huacha doa lisilofutika.

Wiki tatu za kwanza nilitaka kukirudisha. Udongo ulikuwa chepechepe, visubi vinaruka kila nikikigusa. Karatasi ya maelezo haikuwa na neno hata moja kuhusu udongo, nami nilikuwa nimejaza ule wa bustani. Kwao, misitu ya milima ya Usambara, mmea huu huota hata kwenye nyufa za miamba yenye kivuli, penye udongo kiduchu. Nikakata mizizi iliyooza, nikapanda upya kwa vumbi la makumbi ya nazi na perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba zinazofanya udongo upitishe hewa), nusu kwa nusu. Visubi vikaisha.

Kama wiki ya kumi hivi nilifunua jani nikakuta vikonyo vitatu vimejikunja kama ndoana, kila kimoja na tumba dogo kama punje ya mtama. Sisemi ni kazi ya chungu peke yake. Nilikuwa pia nimeuhamishia mmea penye mwanga mwingi usio na jua kali.

Kasoro zipo. Chumvi ya mbolea hugandia ukingoni, na vikonyo vya majani vikiuegemea huungua, kwa hiyo kila mwezi namimina maji kwa juu yachuruzike, kisha namwaga ya chini. Chombo cha maji hakionyeshi ndani. Napima kwa kijiti. Halafu msidanganyike na saizi kubwa: mmea uliotanda sentimita 30 unatosheka na chungu cha sentimita 10.

Nimeshasafiri siku kumi na mbili nikaukuta umesimama. Nyota nne. Ya tano watengenezaji watapata wakiandika mstari mmoja kuhusu udongo.