Windy kwa sisi tunaoanika kahawa Kibosho

Wenye kahawa kwenye vichanja mwezi wa kumi mnaijua shida yenyewe. Kahawa ya maganda ikikaribia kukauka kisha ikalowa tena, ladha inaharibika na daraja linashuka. Kwa hiyo programu yoyote ya hali ya hewa naipima kwa swali moja: leo niite watu wa kufunika, au niliache jua lifanye kazi yake?

Windy, programu ya ramani za hali ya hewa, ni ya bure na inafunguka kwenye simu yangu ya kawaida, kwa sababu hesabu nzito za utabiri zinafanyikia mbali. Za kituo cha utabiri cha Ulaya, ECMWF, zinapigwa na kompyuta kubwa zilizoko Bologna, Italia. Matokeo ya utabiri wa Wamarekani, GFS, huwekwa pia kwenye kompyuta za wingu, yaani za mtandaoni, za Amazon, Google na Microsoft, yeyote ayachukue. Kwangu inafika ramani iliyokwisha kuiva.

Ninachokipenda kuliko vyote ni sehemu ya kulinganisha, inayoweka tabiri hizo pamoja. Zikikubaliana kwamba kutakuwa kukavu, natandaza kahawa bila wasiwasi. Zikipingana, maturubai yanakaa kando ya vichanja tangu asubuhi. Uzuri wa kuziona zote mbili ni huo, na sijui kwa nini watu wengi wanaishia kutazama kijipicha cha jua tu.

Sasa, mlima. ECMWF inaigawa dunia katika miraba ya kilomita kama 9, GFS kama 13. Mraba mmoja unameza kipande kizima cha mteremko, na Kilimanjaro yenye mita 5,895 inasawazishwa ikawa fupi mno. Mvua inayozaliwa msituni mchana na kutushukia sisi wa mteremkoni wakati Moshi mjini jua linawaka, usitegemee kuiona kwenye ramani hizo. Kuanzia saa 6 mchana namsikiliza mama mkwe, anayeutazama msitu.

Tena angalieni saa. Ukifungua alfajiri, utabiri wa ECMWF unaouona umetokana na vipimo vya jana. Mpya unaingia asubuhi jua likishapanda. Mimi naamua baada ya chai.

Toleo la kulipia linaonyesha kila saa badala ya kila saa tatu. Kwa shamba la ekari moja sioni haja, ila chama cha msingi cha ushirika chenye mtambo wake wa kumenyea kingefaidika. Na kwa msimu mzima wa vuli, bado naanza na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Windy naipa nyota nne kati ya tano.