Karata za kutambua ndege za kivita: michoro kali, maelezo hakuna

Nimeziagiza mtandaoni, duka silitaji, 25,000 na delivari juu yangu. Karata zenyewe ngumu, hazikunjiki ovyo, na michoro ya umbo la ndege ukiiangalia kwa chini, mbele na ubavuni ni safi mno, hapo nawapa saluti.

Tatizo wanakupa jina tu, Bear, Badger, Fishbed, Hind, basi, ufanye nalo nini? Na utamu wote uko kwenye mpango wenyewe wa haya majina: Warusi walikuwa hawatangazi majina ya ndege zao, ndo kamati ya Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand ikawa inazibatiza na NATO wanayatumia. Herufi ya kwanza ndo kazi yake, F za kupigana angani, B za kudondosha mabomu, C za mizigo, H helikopta. Halafu jina la silabi moja ni ndege ya pangaboi (propela), mbili ni jeti (helikopta hazimo kwenye hiyo), kwa hiyo Bear yaani Tu-95 ni pangaboi, Badger yaani Tu-16 ni jeti, ukisikia tu redioni ushajua kinakuja nini. Wangeandika hivyo nyuma ya boksi wangepungukiwa nini jamani?

Ila karata ya Blinder ndo imeniudhi. Hiyo ni Tu-22, Watanzania tuna historia nayo, Machi 1979 vita ya Kagera Gaddafi akimsaidia Amin aliituma ipige Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama. Sasa hawa wamechora ndege yenye mabawa yanayosogezwa mbele na nyuma ikiwa angani, injini ndani ya mwili, hiyo ni Tu-22M, Backfire, ndege nyingine kabisa!! Tu-22 injini zake mbili zimepandishwa juu mgongoni, huku na huku ya mkia, hata ukiwa mbali unaziona.

Karata za ndege za Wajapani wa vita ya pili ya dunia wamejitahidi. Za kupigana majina ya kiume kama Zeke, za mabomu ya kike kama Betty, mpango wa Kapteni Frank McCoy, Mmarekani wa Tennessee, na wenzake wakiwa Australia 1942. Hadi Hap wameiweka, ile iliyomkasirisha Jenerali Hap Arnold, mkuu wa jeshi la anga la Marekani, maana ni jina lake mwenyewe, ikabidi iwe Hamp 😂

Muuzaji nimemtumia meseji kuhusu Blinder, kajibu "sawa boss" kimya mpaka leo. Nyota 3. Mtoto wako akipenda ndege mnunulie, ila hiyo karata moja itoe kwanza.