Merikani ya upana mkubwa kwa mgongo wa mfarishi: yadi tatu na vuli nzima

Kitambaa hiki ninacho tangu wiki ya kwanza ya Oktoba. Nimekifua mara sita, nimekipitisha kwenye cherehani, nimekishona kwa mkono usiku baada ya usiku, na mfarishi wa kwanza niliouwekea mgongo wake sasa uko kitandani. Ninachoandika hapa nakijua kwa vidole.

Ni pamba tupu isiyopaushwa, rangi ya uji wa mchele uliotiwa tui, upana inchi 108. Hakina ua wala mstari. Katika duka nililonunulia, hapa pwani ya Maine, Marekani, jora lake limelazwa kwenye rafu ya chini kabisa, na usipoinama hulioni. Dola 11 kwa yadi. Nilikata yadi tatu.

Mfarishi wa viraka una tabaka tatu: uso, pamba ya katikati na mgongo. Kwanza niseme kwa nini upana. Vitambaa vingi vya kushonea mifarishi ya viraka huku vina upana wa inchi 42 hadi 44, kwa hiyo mgongo wa mfarishi wa kitanda cha watu wawili lazima uungwe vipande viwili au vitatu. Pale kwenye maungio panatengeneza kifundo, na anayeshona kwa mkono sindano yake inagota hapo kila mara inapopita. Mfarishi wangu ni inchi 68 kwa 80. Kwa inchi 108 nilipata mgongo wa kipande kimoja, na mabaki yalinitosha kwa majaribio na kwa bitana ya mfuko.

Nilipofika nacho nyumbani nilimpigia shangazi yangu Tanga kwa video. Kule ilikuwa usiku, amekaa barazani, umeme umekatika, namwona kwa mwanga wa simu tu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo na baridi la huko?"

"Sijambo. Hebu nikuonyeshe kitambaa."

Nikakisogeza karibu na kamera. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kwamba ni pamba mbichi, haijapaushwa, huku wanakiita hivi na hivi. Hakunipa nafasi. "Si merikani hiyo? Ishike uikunjekunje nisikie." Nikaikunja karibu na simu, ikalia kama karatasi. "Ina dondo hiyo. Iloweke usiku kucha kabla hujaitia mkasi. Mama yangu alikuwa akiitumia kwa magodoro ya sufi."

Basi ushauri wa kwanza kwa anayenunua ni huo wa shangazi. Nilikata kipande cha mraba, inchi 20 kila upande, nikakiloweka usiku mzima. Asubuhi maji yalikuwa na utando kama maji ya kuoshea mchele. Nikakifua kwa maji ya moto na kukikausha kwenye mashine, nikakipiga pasi, nikapima: inchi 19 upande mmoja, 19 na robo upande wa pili. Inchi nzima imekwenda. Ukikishona bila kukifua, ukaja kuufua mfarishi uliomalizika, mgongo utanywea peke yake na uso utabaki na mikunjo. Kuna wanaoipenda mikunjo hiyo, wanasema inaupa mfarishi sura ya kale. Mimi nilikuwa nashona kanga, na kanga iliyojikunja inapoteza mchoro wake, kwa hiyo nilifua kwanza kitambaa chote.

Baada ya kufuliwa kinabadilika kabisa. Kinalainika, kinalala, na kinapokea mkono. Bado utaona vidoa vyeusi vidogo vidogo, vimetawanyika kama vumbi la pilipili manga. Hivyo ni vipande vya ganda la mbegu ya pamba vilivyobaki kwenye uzi. Nilijaribu kukitoa kimoja kwa ncha ya sindano, kikatoka na nyuzi mbili, pakabaki tundu. Viache vilivyo.

Tazama pia ufumaji kabla hujalipa. Mwombe muuzaji akufunulie jora kidogo, kisha ukiinue kitambaa kuelekea dirishani. Ukiona mwanga unapenya kama kwenye chandarua, kiache, maana pamba ya katikati itachungulia baada ya miezi michache na mgongo utaota manyoya. Hiki changu kimefumwa kwa kubana, na baada ya fua sita hakijaota kitu.

Uso wa mfarishi ni kanga nne kuukuu. Mbili alinipa shangazi nilipoondoka, moja ni ya mama, moja ni kisutu chekundu nilichofungwa siku ya harusi yangu. Nilikaa nazo miaka saba bila kuthubutu kuzikata. Kanga ina mji wake, pindo lake na jina lake, na mkasi ukipita ovyo unavunja vyote vitatu. Mwishowe nilikata miji kuwa mraba za inchi sita, mapindo nikayaacha marefu yazunguke mfarishi mzima kama yanavyoizunguka kanga, na majina nikayatoa kama mikanda nikaipanga katikati, kila neno likiwa kamili. Ile merikani upande wa pili, kwa sababu haina mchoro wowote, inaonyesha kila mshono wa mkono. Ukiugeuza mfarishi unaona kivuli cha kanga chote kimeandikwa kwa uzi: mistari ya mapindo, duara za miji. Hapo ndipo nilipokipenda kitambaa hiki kweli.

Kwa sindano ni rahisi. Natumia sindano fupi namba 9 na kastabani ya chuma. Jumatano jioni tunakaa wanawake wachache chumba cha nyuma cha maktaba tukishona, na mkubwa wetu, mwanamke wa hapahapa ambaye vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, aliushika mfarishi wangu akapitisha kiganja mgongoni bila kusema. Kisha akanionyesha jinsi ya kuuacha mkono wa chini uipokee ncha ya sindano na kuirudisha juu palepale. Nilikuwa napata mishono mitano kwa inchi. Sasa napata nane, na kitambaa hakinizuii.

Kabla ya hapo nilipiga bandi tabaka zote tatu, nikianzia katikati kwenda nje, kila upana wa ngumi. Msiiruke hatua hii. Kitambaa kipana namna hii huteleza kikiwa kimetandazwa sakafuni, na kosa la nusu inchi katikati linakuwa inchi mbili pembeni.

Sasa lawama yangu. Kitambaa hiki hakifichi chochote. Kisutu nilikifua mara moja tu kabla ya kukikata, kwa haraka, nikiamini kwamba miaka yote ile rangi ilikwisha kukaa. Haikuwa imekaa. Nilipoufua mfarishi uliokamilika, nyekundu ikavuja, na mgongoni pakatokea doa la waridi upana wa kiganja. Kwenye mgongo wa maua nisingeliona. Kwenye merikani lilinitazama kama jicho. Nililia, sioni haya kusema. Sikuukausha, niliurudisha kwenye maji baridi na sabuni palepale, mara tatu mfululizo, mpaka maji yakatoka meupe. Doa limefifia sana, limebaki kama alama ya mdomo kwenye kikombe. Kanga nyekundu, na hasa kisutu, ifue peke yake hadi maji yawe safi, hata kama ina umri wa kukuzidi wewe.

Neno lile la shangazi halikuniacha. Merikani. Nimelisikia tangu utotoni kama vile nilivyosikia kaniki au bafta, na sikuwahi kulisimamisha nikalitazama. Wafanyabiashara kutoka Salem, Massachusetts, walianza kufika Unguja miaka ya 1820. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba na Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, na 1837 akaja konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mtu wa Salem. Meli zao zilishusha majora ya pamba isiyopaushwa na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Pamba yenyewe ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani, ikafumwa kwenye viwanda vya huku kaskazini, na Salem kwenyewe kukajengwa kiwanda cha mvuke, Naumkeag, miaka ya 1840. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipoikata pamba, nguo za Uingereza na India zikachukua soko. Jina likabaki midomoni mwetu. Jora nililokatiwa mimi limeandikwa kwamba limefumwa Pakistani, na bado shangazi aliita merikani kwa sauti ya kitambaa tu.

Kwa hiyo Jumamosi moja kabla ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya huku, nilimchukua binti yangu tukaenda Salem, karibu saa mbili kwa gari kutoka Portland. Oktoba mji ule hufurika watu wa Halloween, hupati pa kuegesha. Mwisho wa Novemba ni shwari. Kwetu vuli ni mvua na matope. Huku ni majani makavu yanayokimbizana barabarani na bahari yenye rangi ya bati. Tulitembea Derby Wharf, gati refu la mawe linaloingia baharini karibu nusu maili, hadi kwenye mnara mdogo mweupe wa 1871 ulio mwishoni. Upepo ulikuwa unakata masikio. Nilikuwa na kipande cha kushona mkobani, mto mdogo wa mabaki ya merikani, nikakaa upande wenye kinga nikashona mistari miwili kabla vidole havijafa ganzi. Binti yangu akauliza meli zilikuwa zinaelekea upande gani. Nikamwonyesha kusini mashariki, juu ya maji, nikamwambia huko ndiko nyumbani kwa bibi, na safari ilikuwa ya miezi. Akasema, "Mama, basi kitambaa kilikwenda kwa bibi kabla hakijaja kwako." Saa kumi na nusu jua lilikuwa limeshazama, tukarudi tukinywa chai ya maziwa ya kwenye chupa.

Kwa wanaotaka kununua: wa kushona kwa mkono, na wa kushona kanga au kitenge chenye rangi nyingi, nunueni bila wasiwasi. Mchoro wa uso ni mwingi tayari, mgongo mtulivu unaupumzisha. Kwa mfarishi wa mtoto mchanga nisingekichagua kitambaa hiki, maana kila tone la maziwa litaonekana. Kwa huo tafuteni chapa yenye maua madogo. Pamba ya katikati chagueni isiyo na wavu wa kushikizia ndani, kwa sababu sindano ya mkono inahangaika kuupenya, na someni kwenye mfuko wanasema mishono iachane inchi ngapi. Kateni robo yadi zaidi ya mnavyohitaji, ya kunywea.

Wiki iliyopita nilirudi dukani kwa yadi nyingine tatu. Jora limebaki jembamba, na muuzaji alisema jipya litafika Januari. Zile tatu zimeshalowekwa kwenye beseni bafuni. Za kumtumia shangazi.