Kwenda Ssese kwa kiti cha magurudumu: Bukakata au Nakiwogo?

Meli kubwa za kitalii huishia Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Uganda haina bahari, kwa hiyo msafiri wa majini hapa hukutana na mwalo: zege lililoteremka hadi majini, udongo mwekundu pembeni, na vijana wanaogombania mizigo kabla gari halijasimama. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, ubora wa safari hauamuliwi na chombo chenyewe. Huamuliwa na zile mita ishirini za mwisho kati ya mlango wa gari na sitaha.

Hapa tunapima njia mbili za kufika Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote kati ya visiwa 84 vya Ssese, Wilaya ya Kalangala, ndani ya Ziwa Victoria: kivuko cha Bukakata–Luuku upande wa Masaka, na meli ya MV Kalangala inayotoka Nakiwogo, Entebbe. Mwenye gari, liwe lake au la kukodi, apite Bukakata. Nakiwogo inamfaa asiye na gari, mwenye msaidizi mwenye nguvu, na anayeweza kukaa saa tatu na nusu bila kuhitaji choo kipana. Njia ya tatu, mitumbwi ya mbao ya Kasenyi, mwalo ulio karibu na Entebbe, hatuipendekezi kabisa. Sababu iko chini.

Bukakata–Luuku

Kampala hadi Masaka ni kilomita 130 hivi. Ukifika Nyendo, kabla tu ya mji wa Masaka, unakata kushoto, na kutoka hapo ni kama kilomita 40 za lami hadi ziwani. Kivuko ni bure, kwa watu na kwa magari, na kuvuka huchukua chini ya saa moja. Huduma inaendeshwa na Kalangala Infrastructure Services. MV Pearl ilianza kazi 2012, kisha ikaongezwa MV Ssese. Ni vyombo vya sitaha bapa, vyenye rampu ya chuma inayoshushwa juu ya zege la mwalo. Ubapa huo ndio sifa yake kubwa: ukishaingia, umeingia. Hakuna kizingiti kingine.

Tatizo ni kuingia. Kawaida ya vivuko ni abiria washuke na dereva peke yake aingize gari. Ukishushwa juu pale kwenye foleni, una mteremko wote wa zege mbele yako pamoja na rampu ya chuma. Kwa hiyo dereva wako asisubiri hadi ishara itolewe. Amfuate anayepanga magari mapema, amwambie kuna abiria asiyetembea, na aombe mambo mawili: abiria abaki ndani ya gari, na gari liegeshwe pembeni au mwisho, likiachiwa nafasi ya mita moja upande wa mlango wake. Ombi la pili watu hulisahau. Magari hupangwa yakikaribiana sana, na malori mazito huwekwa mahali pa kusawazisha chombo. Mlango ukibanwa na lori, utavuka ziwa lote ukiwa umefungiwa ndani ya chuma, na hilo ni hatari kuliko usumbufu wa kushuka.

Wakikataa usibaki garini, panda kwa kiti, lakini kabla ya magari au baada ya yote kuingia, kamwe si katikati yao. Mambo ya kuangalia ni haya. Mteremko unaokubalika majengoni ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 10 za kimo zinahitaji urefu wa sentimita 120. Rampu ya kivuko huwa kali kuliko hapo, na ukali wake hubadilika kulingana na mahali chombo kilipogota. Pale rampu inapokutana na zege pana pembe, na pembe hiyo hukamata vitu vitatu: sehemu ya kuwekea miguu, magurudumu madogo ya mbele, na vile vigurudumu vya nyuma vinavyozuia kiti kupinduka. Pandisha sehemu ya miguu hadi iwe angalau sentimita 8 kutoka ardhini. Vigurudumu vya nyuma vikunje au vigeuze juu, na msaidizi asiachie mpini hata sekunde moja mpaka vimerudishwa. Kupanda, uso mbele. Kushuka, mgongo mbele, msaidizi akiwa upande wa chini. Chuma kikiwa kimelowa, breki za kiti hazisaidii kitu, kwa sababu tairi lenyewe linateleza likiwa limefungwa.

Kiti cha umeme kina mambo yake. Kwa betri zake mbili za volti 12, chenyewe kinaweza kuzidi kilo 80 kabla mtu hajakaa, kwa hiyo habari ya "tutakibeba" ifutwe mapema. Kipandishwe kwa mwendo wa chini kabisa, moja kwa moja, bila kukata kona juu ya rampu. Kikishafika, zima swichi ili fimbo ya kuongozea isiguswe na mizigo ya watu.

Barabarani, pumzikia Kayabwe, penye alama ya ikweta. Ni mahali tambarare, na magari yamezoea kuegesha hapo. Lukaya ni pazuri kwa kuku wa kuchoma na gonja (ndizi za kuchoma), na wauzaji huleta chakula hadi dirishani, jambo linalomfaa sana asiyetaka kushuka. Choo ni habari nyingine. Vituo vingi vya mafuta vina milango ya sentimita 60 hadi 70, na kiti cha kawaida kina upana wa 62 hadi 68. Pima kiti chako kwa utepe nyumbani, kutoka ringi ya kusukumia hadi ringi ya pili, na utepe huo uuchukue safarini.

Luuku, mwalo wa upande wa kisiwani, hakuna mji. Hapo ndipo asiye na gari anapokwama. Barabara ya Luuku–Kalangala–Mulabana ina kilomita 66, na mji wa Kalangala uko mbali sana na mwalo kwa mtu wa kusukuma kiti. Taksi za abiria 14 zina sakafu ya juu na mlango wa pembeni. Unahamishwa kwa kubebwa, na kiti kilichokunjwa hulipiwa kama mzigo au hufungwa nyuma kwa kamba ya mpira. Ng'oa mto na sehemu za miguu uingie navyo, maana vikidondoka njiani havirudi. Ukikodi spesho (gari la kukodi peke yako) kutoka Kampala au Masaka na kuvuka nayo, gharama ni kubwa, ila unapata gari ulilokwisha kulipima upande huu wa maji, na hilo lina thamani yake.

Nakiwogo na MV Kalangala

Kwa anayetua Entebbe, hii ndiyo njia ya karibu: Nakiwogo iko kilomita chache tu kutoka katikati ya mji. Ratiba yake ya miaka mingi ni kuondoka saa 8 mchana na kurudi kutoka Lutoboka, gati ya Bugala, saa 2 asubuhi, na safari huchukua takriban saa tatu na nusu. Kuna madaraja mawili ya abiria. Nauli zilizozoeleka ni shilingi 10,000 la pili na 14,000 la kwanza. Tofauti ya elfu nne ni ndogo, na wengi hukimbilia la kwanza kwa ajili ya viti vyenye mito. Mwenye kiti cha magurudumu asilipe kabla ya kuuliza swali moja: nafika kwenye nafasi hiyo bila ngazi? Jibu la "tutakusaidia" maana yake ngazi zipo. Fikiria pia kushuka, si kupanda tu, na fikiria kushuka kwa haraka.

Magari yanayoingia ni machache, wastani wa manane, hivyo anayetaka kuvuka na gari awahi mapema sana. Na kabla ya kufunga safari kutoka mbali, piga simu siku moja kabla. Meli ikienda matengenezo, huenda isipatikane ya pili ya kuchukua zamu yake, na watu hubaki na mizigo yao kwenye mwalo.

Ukikaa kwenye sitaha ya magari, chagua ukuta au nguzo imara, mbali na mstari ambao gari linaweza kuserereka. Funga breki, weka kipande cha mbao mbele na nyuma ya kila gurudumu kubwa, kisha pitisha mkanda kwenye fremu. Usifunge kwenye spoki, hazihimili. Mchana upepo wa ziwa huongezeka na chombo huyumba; kiti chembamba hupinduka upande kabla hakijateleza.

Jaketi la kujiokolea livaliwe, na lijaribiwe kabla ya kung'oa nanga. Mwenye mgongo uliopinda au kifua kipana anaweza kukuta mikanda haifiki. Hapa kuna jambo ambalo wasaidizi wengi hulifanya kwa nia njema na likawa baya: wanamfunga mtu kwa mkanda wa kiti "asianguke". Kiti kikienda majini huzama, na aliyefungwa humo huzama nacho. Kama unaweza kukaa bila mkanda, ufungue chombo kikiwa ziwani. Kama huwezi, msaidizi akae umbali wa mkono mmoja, na wote wawili wajue unafunguliwaje. Mwezi wa Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama karibu na pwani ya Mukono na zaidi ya watu thelathini wakafa, kwa hiyo asikucheke mtu kwa kuuliza maswali ya jaketi.

Saa tatu na nusu ni muda mrefu pia kwa ngozi. Inua makalio au egemea pembeni kila nusu saa. Chuma cha sitaha hupata moto wa jua, na mguu usio na hisia ukikigusa huungua bila mwenyewe kujua. Vaa viatu vilivyofunika na soksi. Mfuko wa mkojo umwagwe kabla ya kupanda. Usipunguze maji ya kunywa ili kukwepa choo, dawa hiyo huleta ugonjwa mwingine.

Kwa nini si Kasenyi

Kasenyi abiria hubebwa mabegani kuvuka maji ya kina kifupi hadi kwenye mtumbwi. Ni kazi ya kila siku pale na vijana wana ustadi, lakini mtu wa kuumia uti wa mgongo hawezi kujishika, na mifupa ya miguu isiyotumika huvunjika kirahisi. Kiti huenda kivyake, mara nyingi juu ya magunia. Mtumbwi hauna pa kukifunga.

Ukishashuka Lutoboka

Uzuri wa Lutoboka ni kwamba nyumba nyingi za wageni ziko ufukweni karibu na gati. Mji wa Kalangala uko juu ya kilima, na barabara ya kupanda haisukumiki kwa mikono, kodi gari. Unapoweka nafasi usiulize kama chumba "kinafaa walemavu", utajibiwa ndiyo. Uliza ngazi ni ngapi kutoka geti hadi kitandani, mlango wa bafu ni sentimita ngapi, na njia ya kwenda kula ni zege, changarawe au mchanga. Omba picha ya choo.

Mchangani magurudumu madogo ya mbele huchimba kama jembe. Geuza kiti, kivutwe kinyumenyume, uzito ukiwa juu ya magurudumu makubwa. Vipande viwili vya plaiwudi vya sentimita 80 kwa 120, kimoja kikitangulizwa kingine kikiokotwa nyuma, hukufikisha majini bila jasho la watu wanne. Ukibebwa kwenye kiti, washike fremu, kamwe si sehemu za mikono au za miguu, kwani hung'oka. Bei ya wabebaji isemwe kabla kiti hakijaguswa, tena na mtu mmoja, si na kundi.

Pancha ndiyo itakayokupata mapema kuliko yote. Tairi la kiti la inchi 24 lina kipenyo cha ringi cha milimita 540. La baiskeli ya inchi 24 ni 507. Yanaitwa jina moja na hayaingiliani, na baiskeli nyingi za huku ni za inchi 28, kwa hiyo fundi wa kijijini hana la kukupa. Tyubu ya baiskeli ya 24 hutanuka ikaingia kwa shida, tairi halitanuki. Beba tyubu mbili, viraka, spana zako na pampu. Valvu ikiwa ya aina ya gari, fundi yeyote wa boda atakujazia upepo. Umeme wa kuchaji ni volti 240, plagi ya pini tatu za mraba.

Maji ya ziwa na mwalo

Hali ya mwalo leo si ya mwaka jana. Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, na mialo mingi ikafunikwa. Maji yakipanda, zege lililojengwa hubaki chini yake, na rampu hugota juu ya udongo na mawe yaliyomwagwa kwa dharura, ambapo magurudumu madogo huzama. Yakishuka, ncha ya zege iliyoliwa na mawimbi hutokeza, na huacha ufa. Magugu maji nayo husukumwa na upepo hadi yakaziba pa kugota, na chombo kikasubiri. Kwa hiyo katika ile simu ya siku moja kabla, baada ya kuuliza kama kinatembea, uliza rampu inagota kwenye zege au kwenye udongo. Wakisema udongo na usiku mvua imenyesha, ongeza mtu wa tatu wa kusukuma, au ahirisha hadi kesho yake mchana pakauke.