Programu za kuhariri picha bila kulipa kila mwezi: ulizeni habari ya wino kwanza

Kila mwisho wa mwaka, msimu wa kalenda, malalamiko ni yale yale. Mwenye nyumba ya wageni Shela, kule Lamu, kapigiwa picha za majahazi, kwenye laptopu bahari inawaka. Kalenda zikishuka jetini zimefungwa kamba, bahari imekuwa kama maji ya kuoshea vyombo. Lawama zote anabebeshwa mpiga picha, na malipo yake yanakatwa.

Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na bluu, ndiyo RGB. Mashine za kalenda na kadi hutumia wino wa rangi nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi, ndiyo CMYK. Zipo rangi za mwanga ambazo wino huo hauzifikii, na buluu kali ya bahari ni mojawapo. Kwa hivyo mimi siulizi programu ina madoido mangapi wala inafuta chunusi vipi. Zote zinafuta. Nauliza kama itanionyesha rangi za wino kabla sijamlipa mwenye mashine.

Photoshop inaonyesha, hilo silikatai. Lakini tangu 2013 Adobe, wenye Photoshop, waliamua matoleo mapya yawe ya kulipia kama kodi ya nyumba. Ukichukua mkataba wa mwaka unaolipwa kila mwezi, kisha ukajitoa katikati, unatozwa faini. Juni 2024 serikali ya Marekani iliwashtaki ikidai wateja walifichwa habari ya faini hiyo. Kwetu, kazi zinakufa mvua za masika zikianza na watalii wakipungua, lakini bili haijui masika.

Namba moja kwangu ni Affinity, na siombi radhi kwa kuipendelea. Zamani ilikuwa ya kununua mara moja tu. Canva, kampuni ya usanifu wa picha mtandaoni, waliinunua 2024, na Oktoba 2025 wakaifanya ya bure. Unahitaji akaunti ya Canva na intaneti ya kuishusha na kuiwasha mara ya kwanza. Baada ya hapo bando likiisha kazi inaendelea. Mambo ya akili bandia ndiyo ya kulipia, na kwa kalenda hayana haja. Inafanya kazi ndani ya CMYK moja kwa moja. Pia ina leya (tabaka linalowekwa juu ya picha) ya kujaribia wino, iitwayo Soft Proof: iweke, chagua profaili ya mashine, yaani faili linaloeleza rangi inazoweza kutoa (mwombeni mwenye duka la kuchapisha awape), utaiona bahari ikififia hapo hapo. Sasa ongeza utofauti wa mwanga na kivuli kwenye mawimbi, punguza ukali wa buluu taratibu, mpaka upate sura utakayoweza kuitetea. Kisha izimeni leya hiyo kabla ya kutoa faili! Ukiisahau, picha inatoka na ule ufifu umeganda ndani.

Namba mbili, GIMP. Ni bure kabisa, na toleo la 3.0 la Machi 2025 limeifanya bora kuliko sifa yake ya zamani. Inaweza kukuonyesha makadirio ya wino, ila ndani bado inafanya kazi kwa RGB. Ukiwa unatumia kompyuta ya mfumo wa Linux, ambako Affinity haina toleo lake, basi ndiyo yako.

Photopea inafunguka kwenye kivinjari na inasoma mafaili ya Photoshop. Nzuri ukiwa kwenye kompyuta ya mtu. Snapseed ni ya simu, kwa picha za kuweka mtandaoni, msinipelekee kalenda nayo.

Na hawa mafundi wa Malindi na Lamu wanaotembea na flashi! Mtu anakutoza hela kukuwekea GIMP, kitu ambacho wenyewe wanakitoa bure kwenye gimp.org. Mwingine anakuuzia Photoshop iliyovunjwa kufuli, na virusi juu, kisha simu hashiki. Wenye maduka ya kuchapisha nao: ukimuuliza profaili anakujibu, "Dada, wewe leta tu JPEG." Akikujibu hivyo, mwambie akutolee ukurasa mmoja wa majaribio kwa karatasi ile ile ya kalenda, uulipie, uutazame nje juani. Akikataa, chukua flashi yako uende duka la pili.