Swichi mpya ya nyutro kwenye pikipiki yangu ya cc 150: uzoefu wangu

Swichi ninayoizungumzia ni ile ya waya mmoja inayowasha taa ya nyutro, yaani pikipiki ikiwa haipo kwenye gia yoyote, inayofungwa upande wa kushoto wa injini, nyuma ya kava la sproketi ya mbele. Ninayo tangu masika na naipendekeza. Ila kabla hujaenda dukani, pima kwanza, maana taa ya nyutro ikisumbua si lazima swichi ndiyo iliyokufa.

Yangu ilianza kuwaka na kuzimika ovyo nikiwa nyutro, hasa injini ikishapata moto. Stata nayo ikagoma mpaka nibane klachi, kwa sababu kwenye mashine hii inategemea waya uleule wa swichi ya nyutro. Fundi mmoja akaitazama taa tu, akasema tubadilishe waya zote za pikipiki. Nilikataa, na wenzangu msikubali kirahisi hivyo.

Kipimo chenyewe ni bure. Washa funguo, chomoa waya kwenye swichi ya nyutro, kisha gusisha ncha yake kwenye chuma kitupu cha injini. Taa ikiwaka, globu na waya ni wazima, tatizo liko kwenye swichi. Isipowaka, kagua globu, halafu ufuate waya, hasa pale unapojikunja karibu na shingo ya usukani. Kuna na ugonjwa wa pili: taa inawaka hata ukiwa gia ya 3. Hapo ukichomoa waya ikazimika, swichi inapiga shoti. Ikiendelea kuwaka, waya umechunika na unagusa chasisi. Hili msilichukulie poa hata kidogo. Taa inakuambia nyutro, unaachia klachi, pikipiki inaruka na abiria yuko mgongoni.

Kwangu, nilipogusisha waya kwenye injini, taa iliwaka palepale. Nikatoa kava, nikasugua tope la grisi ya cheni kwa brashi na petroli, nikailaza pikipiki kidogo kulia ili oili isimwagike, ndipo nikafungua skrubu mbili. Ile shaba inayoguswa na pini ilikuwa imelika hadi imezama ndani ya plastiki, na weusi umeizunguka. Pini yenyewe na springi yake ndogo hukaa mwisho wa dramu ya gia, ile silinda inayozunguka ukibadilisha gia. Zishikeni vizuri, zinachomoka kwa urahisi, na zikipotea hata swichi mpya haitawasha taa.

Bei ya swichi mpya haikuzidi sahani ya chipsi mayai. Kilichonifanya niichague ni oringi, ule mpira wa duara unaozuia oili: ilikuja nayo, laini, inakaa kwenye mfereji wake bila kulegea, na hadi leo hakuna oili inayovuja. Kasoro yake ni waya mfupi wenye soketi isiyolingana na ya pikipiki, ikabidi niunge kwa lehemu na kufunika kiungo vizuri. Taa sasa inawaka kila nikiingia nyutro, injini ikiwa baridi au moto, na stata imerudi kawaida.

Mwenye mita inayoonyesha namba za gia asinunue hii. Swichi yake ina waya kadhaa, aende dukani na ile ya zamani mkononi.