Uzoefu Wangu wa Kuzungumza na Madereva wa Teksi Nairobi

Kazi yangu hunilazimu kutumia teksi za programu za simu mara kwa mara, hasa kati ya Upper Hill na Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, na kwa maoni yangu kilicho bora zaidi katika huduma hii si bei wala gari, bali ni dereva mwenyewe, mradi abiria ajue namna ya kumwanzishia mazungumzo.

Aghalabu mlango wa mazungumzo hayo hufunguliwa na dereva kwa swali moja: "Tupite juu au chini?" Juu ni Nairobi Expressway, barabara ya kulipia yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022, chini ni Barabara ya Mombasa, isiyo na ada ila ina foleni zake. Abiria wengi hujibu kwa neno moja kisha wakarudi kwenye simu zao. Mimi humuuliza yeye angepita wapi iwapo ada ingetoka mfukoni mwake, na sijawahi kukosa jibu la maana, kwa sababu hapo dereva huacha kuwa mtu wa kupokea maagizo akawa mtaalamu anayeombwa ushauri. Nimeelezwa jinsi mvua ya Ijumaa jioni inavyobadilisha hesabu yote, na kwamba kuna saa ambazo muda uliookolewa juu hupotea tena kwenye foleni ya vibanda vya kulipia.

Swali la pili linalonipa mengi ni lile linalowaudhi wenzangu. Dereva hupiga simu kabla hajafika, akitaka kujua unakwenda wapi na iwapo utalipa kwa M-Pesa au kwa kadi. Siku moja, tukiwa tumekwama karibu na Uwanja wa Nyayo, nilimuuliza kijana mmoja kwa upole sababu ya swali hilo, naye akanyoosha kidole kwenye dashibodi, ambako mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini kabisa. Pesa ya kadi, alinieleza, hupitia kwa kampuni kwanza, ilhali kituo cha mafuta hakikopeshi mtu, na mwenye gari anangoja malipo yake ya wiki. Kutoka hapo tulizungumzia bei za mafuta, ambazo hutangazwa na EPRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na mafuta, tarehe 14 ya kila mwezi, na kanuni za mwaka 2022 zilizoweka kikomo cha asilimia 18 kwa kiasi ambacho kampuni za programu zinaweza kumkata dereva. Aliyajua hayo yote kwa undani kuliko nilivyowahi kuyasikia kwingine. Hata hivyo, kuvunja safari kwa sababu ya malipo ya kadi wakati abiria ameshasimama getini na mizigo yake ni kosa, na nilimwambia hivyo, hakubisha.

Yapo maswali ambayo ningemshauri abiria ayaache. Hapa Nairobi, kumuuliza mtu usiyemjua nyumbani kwao ni wapi mara nyingi husikika kama kumuuliza kabila lake, na uchaguzi unapokaribia swali hilo huzidi kuwa zito. Jina la dereva limeandikwa kwenye simu yako, naye anajua umelisoma. Ni heri kumuuliza ameanza kazi saa ngapi.

Wazee walioendesha teksi zenye mstari wa manjano ubavuni, zile za kuegeshwa nje ya hoteli, ndio wasimulizi bora kupita wote. Mmoja wao alinieleza kwamba kabla Uber haijaingia jijini mwaka 2015, bei ilikuwa ya kupatana, kwa hiyo abiria na dereva walikuwa wameshazoeana kabla gari halijang'oa nanga. Sasa simu imeshapanga bei, njia na mahali pa kushukia, na watu wawili wanaweza kusafiri saa nzima bila kuambiana lolote zaidi ya habari. Ninaikubali programu kwa uwazi wa bei yake, lakini naona mzee yule alitaja hasara ya kweli.

Si kila dereva hutaka maneno, na akijibu kwa mkato mara mbili mimi hunyamaza. Safari ya alfajiri pekee ndiyo ninayoendelea kuzungumza kwa makusudi, kwa maana baadhi ya madereva huwa wamekesha barabarani. Majibu yakianza kuchelewa na sentensi kukatika katikati, humwomba tusimame kwenye kituo cha mafuta kilicho karibu anywe kahawa, nami huilipia. Hakuna aliyewahi kukataa, na ndiyo sababu huagiza gari mapema kuliko ratiba ya ndege inavyohitaji.